Tarikhi ya Wagonjwa Kuliwazana

Jiji la Dar es Salaam lina majina mawili ambayo watu wake huyataja kwa sauti iliyopunguzwa, moja likiwa Segerea na la pili Ocean Road. La kwanza limebebeshwa mzigo na gereza: mtu akisema ndani ya daladala kwamba anatoka Segerea, hakosi abiria wa kumuuliza kwa mzaha ametoka lini, hata kama yeye ni mwalimu mstaafu, au padri wa seminari kuu iliyoko huko huko, au mama muuza maandazi ambaye hajapata kuliona lango la gereza ila kwa mbali. La pili limebebeshwa mzigo na maradhi ya saratani: kwa miaka mingi ilitosha kusema "fulani kapelekwa Ocean Road", watu wakanyamaza, na baadhi yao wakaanza kimoyomoyo kuhesabu gharama za tanga. Mkazi wa Segerea anayeugua saratani, basi, huyachukua majina yote mawili kwa pamoja, na safari yake ya kila asubuhi, kupitia Tabata na Buguruni hadi ufukoni mwa mji, ni safari baina ya sifa mbili mbaya ambazo hakuna hata moja aliyoichuma mwenyewe.

Nimekusudia kueleza hapa, si tarikhi ya dawa, ambayo wenye elimu ya utabibu wameiandika na wataendelea kuiandika, bali tarikhi ya jambo ambalo halimo katika faili la mgonjwa, yaani jinsi wagonjwa wa nchi hii walivyopata kuonana, kujuana na kuliwazana wao kwa wao. Rai yangu ni kwamba faraja ya namna hii haikuletwa na ofisi wala kwa fadhila ya mkubwa fulani, bali ilizaliwa kila mahali palipotimia mambo mawili: wagonjwa kulazimika kukutana mara kwa mara, na baadhi yao kupona wakarudi kuonekana.

Ardhi ya Segerea, ambayo leo ina nyumba za matofali, vituo vya bodaboda na maduka ya vifaa vya ujenzi, ilikuwa ya Wazaramo, na mashamba yao ya minazi, mihogo na miembe yalitanda kutoka pwani hadi milima ya Pugu na Kisarawe, kabla Seyyid Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji wake wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Miongoni mwao, kama ilivyo kwa makabila mengi ya mwambao na bara, kulikuwa na ngoma za uganga, na mojawapo iliyojulikana sana ni madogoli. Mwele ambaye mizizi na majani vilishindwa kumsaidia alipigiwa ngoma hiyo na watu ambao, aghalabu, wao wenyewe walikuwa wamepata kushikwa na taabu ya namna ile ile. Naye akiinuka hakurudi tu nyumbani akasahau, bali alihesabiwa kuwa mmoja wao, akaitwa usiku mwingine kwenda kumpigia mwele mwingine, na wengine wakapanda ngazi hiyo hadi wakawa waganga. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyekaa na Wazaramo, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Na John Janzen, mtaalamu wa Kimarekani aliyezichunguza ngoma za uganga mjini Kinshasa, Dar es Salaam na Cape Town, na nchini Swaziland, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba ngoma hizi, pamoja na tofauti zake zote, ni jamaa ya walioteseka, ambamo mateso yenyewe ndiyo hati ya kuingilia.

Wala sisemi kwamba ngoma iliponya saratani. Haikuiponya, na wako wengi waliochelewa kufika hospitali kwa sababu ya kuzunguka kwa waganga mpaka uvimbe wa ukubwa wa punje ya choroko ukawa kidonda. Ninalolisema ni kwamba wazo la mgonjwa kutafutiwa wagonjwa wenzake si geni katika nchi hii, wala halikushuka kutoka katika meli ya Mzungu.

Meli ya Mzungu ilileta wazo lililo kinyume. Wajerumani, baada ya kuuhamishia Dar es Salaam mji wao mkuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walijenga kati ya mwaka 1895 na 1897 hospitali kubwa nyeupe kando ya bahari, yenye baraza za kupokea upepo, na hospitali hiyo ikawa ya Wazungu peke yao. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao mbali na hapo, iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyefariki mwaka 1897. Na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 hawakuuvunja mpango huo, bali waliunyoosha zaidi, wakaugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na maradhi nayo yakagawanywa vivyo hivyo, kana kwamba homa ya Kariakoo na homa ya Oysterbay ni homa mbili. Hata hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, haikufunguliwa ila mwaka 1956, miaka mitano tu kabla ya Uhuru.

Baada ya Uhuru milango ya Ocean Road ilifunguliwa kwa watu wote, na mnamo mwaka 1980 jengo lile la Wajerumani likaanza kutoa matibabu ya mionzi chini ya Muhimbili. Mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuifanya hospitali hiyo taasisi inayojitegemea, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Dakta Twalib Ngoma. Barabara iliyo mbele ya hospitali ilibadilishwa jina mwaka 2013, kutokana na ziara ya Rais wa Marekani, ikaitwa Barack Obama. Lakini hospitali imebaki na jina lake la zamani, na hakuna mgonjwa anayesema anakwenda Obama. Kwa miaka mingi, mpaka Bugando ya Mwanza ilipoanzisha huduma ya mionzi katika mwongo uliopita, hapa palikuwa mahali pekee katika nchi nzima ambapo saratani ilitibiwa kwa mionzi, na maana yake ni kwamba mvuvi wa Ukerewe, mkulima wa Rungwe, mke wa imamu wa Lindi na fundi cherehani wa Segerea, ambao katika hali ya afya wasingeonana hadi kiama, walikalishwa katika benchi moja.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani halijapewa haki yake. Matibabu ya mionzi hayatolewi mara moja yakaisha. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa dozi ndogo kila siku, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano au zaidi, ili chembe nzuri za mwili zipate nafasi ya kujitengeneza. Dozi yenyewe huchukua dakika chache, bali kungoja huchukua saa. Mashine za zamani zilitumia madini ya kobalti, ambayo nguvu zake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa, na kadiri madini yalivyozeeka ndivyo kila mgonjwa alivyohitaji kukaa muda mrefu zaidi chini ya mashine, na ndivyo foleni nayo ilivyozidi kurefuka. Wahasibu na waandishi wa ripoti huliita hilo upungufu, nao wanasema kweli, na ndiyo sababu mwaka 2018 zikafungwa mashine mpya zisizotumia madini hayo. Lakini foleni ile ile, iliyomchosha kila mtu, ndiyo iliyofanya kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Watu waliokaa pamoja asubuhi ishirini na tano hawawezi kubaki wageni.

Fauka ya hayo, mji wenyewe uligeuka kuwa wodi. Mgonjwa wa kutoka bara ambaye hakulazwa hufikia kwa shemeji, kwa binamu, au kwa mtu wa kijiji chake aliyejenga Segerea, Kinyerezi, Mbagala au Gongo la Mboto, akatandikiwa godoro sebuleni. Na kwa kuwa vyumba ni vichache na watoto ni wengi, huko nyumbani huonewa huruma lakini haelezwi kitu, maana wenyeji wake hawaijui saratani ila kwa kuiogopa. Nimeona nyumba ambamo mgonjwa alitengewa kikombe na sahani, si kwa chuki, bali kwa kuogopa kuambukizwa ugonjwa usioambukizwa kwa kikombe. Mtu wa namna hiyo, akitoka alfajiri kuwahi daladala ya mjini, huwa anakwenda kutibiwa. Lakini pia anakwenda mahali ambapo hatatazamwa kwa jicho la ajabu.

Msikilize mama wa makamo, kitambaa cha kanga kichwani, dera pana mwilini kwa sababu nguo ya kubana huikera ngozi iliyopigwa mionzi, akiongea na binti aliyeingia na faili jipya mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeanza leo?"

"Ndiyo mama. Wamenichora alama za mionzi."

"Basi michoro hiyo usiisugue. Ukioga, jimwagie maji tu, ujikaushe kwa kugusagusa na kanga laini. Na mafuta usipake kabla ya kuingia. Dawa za kemo umepata?"

"Nitaanza wiki ijayo."

"Nywele zinyoe mwenyewe kabla hazijaanza kukutoka. Kuziokota kwenye mto asubuhi kunauma kuliko kunyoa."

Yote hayo, ila la mwisho, nesi alikwisha kuyaeleza. Lakini siku anapoambiwa jina la ugonjwa wake mtu huzibwa masikio na hofu, akaitikia kwa kichwa asisikie neno. Anasikia siku ya pili, kutoka kwa mtu aliyekaa karibu naye ambaye michoro yake mwenyewe imeanza kufifia. Hapo ndipo anapojifunza kutafuna kipande cha tangawizi kichefuchefu kinapopanda, kunywa uji mwepesi kidogo kidogo badala ya kujilazimisha ugali, kuomba dawa ya maji ya kutuliza maumivu bila kuona haya, na kumwuliza daktari maswali ambayo mumewe alimkataza kuyauliza.

Wanaume, nakiri kwa masikitiko, hawajaweza sana kazi hii. Wao huketi upande wao, mwenye tezi dume na mwenye uvimbe wa koo, wakazungumza Simba na Yanga mpaka jina liitwe. Na aliyeanza kutokwa na damu katika mkojo miezi mingi iliyopita huondoka benchini bila kuambiwa kwamba jirani yake naye yalimpata hayo hayo. Heshima iliyofundishwa vibaya imewaua wengi.

Lakini benchi peke yake si chama, na kwa muda mrefu wagonjwa wa saratani wa nchi hii hawakuwa na chama. Sababu yake haifichiki. Chama cha wagonjwa huhitaji wanachama walio hai, na wengi waliofika Ocean Road walifika maradhi yakiwa yamekwisha kuenea, wakapewa nafuu kisha wakarudi makwao kufa, ilhali wale waliopona waliona ni busara kunyamaza, wasije wakaharibiwa ndoa za binti zao. Benchi likawa linajaa na kufutika, likijaa tena kwa watu wasiojua kwamba kabla yao walikuwapo wengine.

Walioonyesha njia walikuwa wagonjwa wa ukimwi. Ugonjwa huo ulipojulikana Kagera mwaka 1983 ukaenea mikoa yote ndani ya miaka michache, jirani zetu wa Uganda walitangulia: Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe, alianzisha pamoja na wenziwe shirika la TASO mwaka 1987. Hapa Dar es Salaam, Theresa Kaijage na wenziwe wakaanzisha shirika la WAMATA mwaka 1989; mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wenye virusi kilikwenda kuomba msaada kwa Jimbo Kuu la Katoliki, na kutokana na ombi hilo ikazaliwa PASADA, ambayo makao yake yako upande wa Temeke. Watu hawa walifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika mji huu: walisimama mbele ya hadhara wakasema, mimi ni mgonjwa, nami ni hai. Na serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, mashahidi hao wakaacha kufa, vikundi vikanenepa, na mama mwenye kadi ya kliniki akawa mwalimu wa wenziwe katika zahanati. Mgonjwa wa saratani aliyeketi karibu na wagonjwa hao, na wengine walikuwa na yote mawili, maana virusi vya ukimwi huongeza saratani ya mlango wa kizazi na ile ya ngozi iitwayo Kaposi, alikuwa na haki ya kujiuliza mbona wao wana watu wa kuwasindikiza nasi hatuna.

Jibu lilianza kupatikana kwa wanawake wenye saratani ya matiti, kwa kuwa saratani hiyo ikiwahiwa huacha watu hai wengi. Chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilianzisha mwaka 2005 kampeni ya kuwapima wanawake matiti, na mambo yaliyokuwa yakisemwa chumbani yakaanza kusemwa viwanjani kwa kipaza sauti. Kampala, wanawake walioupitia ugonjwa huo walikuwa wamekwisha kuunda shirika la UWOCASO mwaka 2004. Nairobi, Shaira Adamali, naye aliyeugua, alianzisha shirika la Faraja mwaka 2010. Na hapa kwetu Angela Kuzilwa, aliyepona saratani ya titi, alianzisha taasisi ya kuwasaidia wenye saratani hiyo. Hawa wote, wakijua wasijue, walifuata nyayo za Terese Lasser wa New York, ambaye baada ya kukatwa titi mwaka 1952 alianza kuwatembelea wanawake wengine hospitalini, akafukuzwa na baadhi ya madaktari walioona kwamba mgonjwa hana la kumfundisha mgonjwa, naye akarudi tena.

Madaktari wale hawakuwa wajinga kabisa, na uadilifu unanilazimu kuwapa sehemu yao ya haki. Maneno ya benchini si yote dawa. Benchini husikika kwamba kisu husambaza saratani, hata mtu akakimbia kukatwa kinyama cha kupimwa. Husikika habari za mti fulani wa Tanga na maji fulani ya kisima. Mwaka 2011, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe chake cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi nyikani, na ndani ya magari hayo walikuwamo watu walioacha matibabu hospitalini kwa sababu mwenzao aliwaambia amepona. Wengi walikufa njiani au baada ya kurudi. Urafiki wa wagonjwa hauna kinga yake wenyewe; unahitaji mtu mmoja miongoni mwao anayejua mpaka wa elimu yake.

Unahitaji pia kutosifiwa kwa sifa usizo nazo. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyoenea, waliokuwa wakikutana kila juma katika kikundi, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Habari ikavuma dunia nzima. Utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, uliotolewa mwaka 2001, ukaonyesha kwamba vikundi havikurefusha maisha, ila waliohudhuria, hasa walioanza wakiwa na dhiki kubwa, walipungukiwa na huzuni na maumivu. Mimi naona matokeo ya pili ni makubwa kuliko ya kwanza. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini mtu kulala usiku bila kulia, na kustahimili dozi ya kumi na nane asikimbie matibabu, hayo yamo mikononi mwetu.

Segerea ya leo haina upungufu wa jumuiya. Ina jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, ina madrasa na vikundi vya kina mama wa msikitini, ina vikoba, ina vyama vya kufa na kuzikana ambavyo kazi yao, kama jina lao linavyokiri, huanza baada ya mtu kufa. Michango ya msiba hupatikana jioni moja. Nauli ya daladala ya majuma matano ya mionzi haipatikani. Hilo ni aibu yetu, na ni jambo la kurekebishwa katika kikao kimoja tu cha kikoba, kwa kuongeza mstari mmoja katika daftari.

Nawe msomaji uliyemaliza matibabu yako miaka kadhaa iliyopita, ukakaa kimya Segerea, Tabata au Kinyerezi, ukilificha kovu lako hata kwa wakweo, nakuomba urudi asubuhi moja. Usiende na dawa wala na hotuba. Chukua kadi yako ya zamani, mwombe nesi wa zamu ruhusa ya kukaa na wanaoanza, nawe ukiwa mwanamume kaa upande wa wanaume, uzungumze nao Simba na Yanga kidogo, kisha uwaambie ulitibiwa nini. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, na watu huanza kufika mapema asubuhi.